Kreni Huanguka Kwenye Karatasi Kwanza

Kuna video fulani ya Uholanzi ambayo lazima imewahi kupita kwa simu yako. Kreni mbili ziko juu ya maji, katikati ya mji wenye nyumba za matofali, zimebeba kipande cha daraja. Mzigo unasonga pole pole, halafu kreni moja inaanza kuinama kama mlevi anayetafuta ukuta. Ya pili inafuata. Zote zinalalia nyumba za watu. Kila mara hiyo video inaposambazwa, watu wanacheka na kuuliza kama dereva alikuwa amelala.

Dereva hakuwa amelala. Na mimi ni mtu wa video, naelewa kwa nini hizo clipu zinauza: sekunde kumi na tano, kitu kikubwa, puu, unapitisha kidole kwa ingine. Lakini kuanguka ndiyo sehemu fupi zaidi ya hiyo story. Sehemu ndefu ilifanyika kitambo, kwa meza, na karatasi na kikokotoo, na hakuna mtu aliyekuwa anarekodi.

Kwa hivyo leo naleta historia ya kuinua vitu vizito mahali pamebana. Najua inasikika kama somo la saa nane mchana baada ya githeri. Nivumilie, juu kuna Papa, kuna farasi, kuna amri ya kunyonga watu, na kuna swali moja ambalo bado linaua vijana wa rika letu kazini: kitu kikishainuliwa juu, nani anaruhusiwa kusema "simama", na nani atamsikiliza?

Tuanze Roma, mwaka wa 1586.

Kulikuwa na mnara wa jiwe moja, granaiti, urefu wa mita 25 hivi, ambao mfalme Caligula aliutoa Misri karne ya kwanza. Wanaita obeliski. Ulikuwa umesimama kando ya kanisa la Mtakatifu Petro, pale karibu na chumba cha kuvalia mapadre, umebanwa na majengo, na sehemu ya chini imefukiwa na udongo wa miaka mingi. Papa Sixtus wa Tano akasema hapana, jiwe kama hili haliwezi kukaa uchochoroni, lipelekwe mbele ya kanisa uwanjani. Umbali ni kama mita 250. Kwa miguu unafika kabla wimbo haujaisha.

Shida ni kwamba hakuna mtu Ulaya aliyekuwa hai ambaye amewahi kusongesha kitu kama hicho. Wamisri walijua, Warumi wa kale walijua, na wote walikufa na ujuzi wao. Papa aliunda kamati, ikaitisha mawazo, na kwa maelezo ya aliyeshinda, watu karibu 500 walijitokeza. Wengine walitaka kuubeba ukiwa umesimama wima. Wengine wakataka uinamishwe nusu, nyuzi 45, kama mtu anayeegemea baa.

Aliyeshinda ni Domenico Fontana. Alikuja na mfano mdogo: mnara wa mbao na obeliski ya risasi, akaonyesha mbele ya kamati jinsi jiwe litainuliwa, litalazwa, litaburutwa, kisha litasimamishwa tena. Alikuwa na miaka 42, na kamati ikamwambia wazo lako ni zuri lakini wewe ni kijana, kazi tutapea hawa wakubwa wawili, Ammannati na Della Porta. Miaka 42! Kama wewe una 23 na umeambiwa huna experience, jua hii kitu haijaanza na wewe. Fontana akaenda kwa Papa moja kwa moja, akamwambia hakuna mtu anaweza kutekeleza wazo kuliko yule lilitoka kichwani mwake. Papa akakubali.

Sasa angalia alichofanya kabla ya kugusa hilo jiwe.

Kwanza alijua uzito wake. Huwezi kuweka obeliski kwa mizani, kwa hivyo alichukua kipande cha granaiti ya aina ile, akakipima, akajua ujazo fulani una uzito gani, kisha akapiga hesabu ya jiwe lote. Akapata libra 963,537. Kwa vipimo vyetu ni kama tani 327. Halafu akapiga hesabu ya upande wa pili: winchi moja, ile ya kusimama wima ambayo farasi na watu wanaizungusha kama kisaga miwa, ikiwa na kamba nzuri na roda, inaweza kuvuta libra 20,000. Winchi 40 zinampa 800,000. Bado kuna 160,000 na zaidi zimebaki. Hizo akazipatia nyenzo tano kubwa za mbao za kusukumia kutoka chini.

Ukiniuliza, hiyo sehemu ndiyo historia yenyewe. Mwaka wa 1586, bila kompyuta, msee anaandika kwa karatasi: mzigo ni huu, nguvu yangu ni hii, pengo ni hili, na hivi ndivyo nitaliziba. Hakusema "tuna winchi mob, itatosha."

Pili, nafasi. Winchi 40, kila moja na farasi wake wanaozunguka, zinataka uwanja, na pale hapakuwa na uwanja. Papa alimpa hati yenye nguvu: achukue mbao, kamba, wanyama na wafanyakazi popote, na nyumba zinazozuia zibomolewe, wenyewe walipwe. Winchi zikapangwa kuzunguka jengo, nyingine mahali ambapo hazioni jiwe lenyewe. Fikiria hapo. Wewe unazungusha winchi na hujui mzigo uko wapi, na mwenzako upande ule mwingine hajui wewe unavuta kwa nguvu gani. Mkitofautiana kidogo, kamba moja inabeba kazi ya tano, inakatika, na zile zingine zinafuata.

Kwa hivyo Fontana alipatia kila winchi namba. Tarumbeta ikilia, vuta. Kengele ikilia, simama. Baada ya mizunguko michache, kila mtu anasimama, kamba zinakaguliwa kama zimekazwa sawa, namba fulani inaambiwa ilegeze, namba fulani ikaze, halafu tarumbeta tena. Uwanja wote ulizungushwa uzio, na tangazo likatoka: asiyehusika akivuka uzio, adhabu ni kifo. Na ndani ya uzio hakuna kuongea kwa sauti. Mnyongaji alikuwa pale pale na vifaa vyake.

Aprili 30, 1586, kabla ya jua kuchomoza, wafanyakazi walihudhuria misa. Halafu watu 907 na farasi 75 wakaingia kazini. Maseremala waliokuwa chini ya ule mnara wa mbao, wakipiga kabari chini ya jiwe, walivaa kofia za chuma. Yaani helmeti. Karne ya kumi na sita. Kuna mijengo hapa Nairobi leo ambapo fundi yuko ghorofa ya nane na kofia ya Arsenal.

Walivuta mara kumi na mbili. Wakati jua linazama, jiwe lilikuwa limeinuka kama sentimita 60.

Siku nzima, sentimita 60! Na hiyo ndiyo ilikuwa imepangwa, juu alihitaji tu nafasi ya kuingiza kitanda cha mbao chini yake, wakiweka kabari njia yote ili kamba ikikatika jiwe lisiwe na mahali pa kuanguka. Mei 7 wakalilaza. Uwanja mpya ulikuwa chini zaidi kuliko pale jiwe lilitoka, kwa hivyo badala ya kuliteremsha halafu kulipandisha tena, walijenga tuta la udongo hadi pale, wakaliburuta likiwa juu juu mpaka kwenye msingi wake mpya. Septemba 10, watu 800 na farasi 140, likasimamishwa. Liko hapo mpaka leo, ukiona Papa akihutubia watu kwa TV ndilo lile jiwe refu katikati.

Halafu kuna ile hadithi ambayo Waitaliano wanaipenda. Ati katikati ya kuinua, kimya kabisa, kamba zikaanza kulegea na kutoa moshi kwa msuguano, na baharia mmoja katikati ya umati akapiga kelele: maji kwa kamba! Kamba ya katani ikilowa inavimba na kufupika, kwa hivyo wakazimwagia maji, zikakaza, kazi ikaokoka. Na badala ya kunyongwa kwa kuvunja amri, baharia akapewa zawadi na Papa.

Tamu sana. Lakini Fontana mwenyewe aliandika kitabu kizima kuhusu hii kazi mwaka wa 1590, kitabu kinachotaja mpaka idadi ya farasi, na huyo baharia hayumo. Mimi sidhani ilitokea. Nadhani watu waliitunga kwa sababu kuna kitu kwa ule mpango kiliwasumbua, na kinanisumbua pia: ulikuwa mpango mzuri ambao hauna nafasi ya mtu wa chini kufungua mdomo. Fontana alikuwa na kengele ya kusimamisha kazi. Lakini kengele ilikuwa yake peke yake.

Shikilia hiyo, tutaihitaji.

Sasa turukie wakati wetu, na niingize hesabu kidogo. Niliacha chuo kabla ya kufika pale wanafundisha haya kwa jina lake rasmi, lakini usitishike, ni ile trigonometria ya kidato cha tatu uliyoapa hutawahi kuitumia.

Kitu cha kwanza watu hawajui: kreni ya "tani 50" haibebi tani 50. Inabeba tani 50 ikiwa mzigo uko karibu kabisa na kreni, mita kama tatu hivi kutoka katikati yake. Kadiri mkono unavyoenda mbali, uwezo unashuka, na unashuka vibaya. Ni kama wewe kubeba mtungi wa gesi ukiwa umeukumbatia, halafu ujaribu kuubeba umenyoosha mkono. Mtungi ni ule ule. Ndiyo maana mahali pamebana ni hatari mara mbili: kreni haiwezi kusogea karibu kwa sababu kuna ukuta, kuna bomba, kuna mashine ya jirani, kwa hivyo lazima inyooshe mkono.

Kitu cha pili ni paa. Chukua mashine ya tani 10, uifunge na kamba mbili zinazokutana kwa ndoano juu. Kama kamba zimesimama karibu wima, kila moja inabeba tani 5. Fiti. Lakini uko ndani ya godauni, paa liko chini, ndoano haiwezi kupanda, kwa hivyo kamba zinalala. Zikilala mpaka nyuzi 60 kutoka usawa wa chini, kila moja inabeba karibu tani 5.8. Nyuzi 45, tani 7. Nyuzi 30, kila kamba inabeba tani 10 nzima. Mashine haijaongezeka hata gramu moja. Paa ndilo limeongeza.

Nilisimama kwa mlango wa godauni moja huku Industrial Area nikiangalia vijana wakishusha kompresa kubwa na winchi ya mnyororo, hizi mafundi huita cheni bloku, iliyofungwa kwa boriti ya paa. Nilikuwa nimeenda kwa shughuli yangu ingine. Kamba zilikuwa zimelala kabisa, na kijana mmoja, nadhani alikuwa mdogo wangu, akamuuliza mkubwa wake kama boriti itashika. Mkubwa akasema, bila kugeuka: "Hii? Tumeinua kubwa kuliko hii." Kijana akanyamaza. Kompresa ikafika chini salama, kila mtu akaenda chai. Hakuna kilichotokea. Lakini hiyo sentensi, "tumeinua kubwa kuliko hii," ibaki hapo kwa kichwa chako, juu tutakutana nayo tena mahali pa gharama zaidi.

Turudi kwa ile video kwanza. Ni Alphen aan den Rijn, Uholanzi, Agosti 3, 2015. Walikuwa wanarudisha kipande cha daraja la Koningin Juliana. Mto ni mwembamba, nyumba na maduka yako mpaka ukingoni, hakuna mahali pa kuweka kreni kubwa nchi kavu. Suluhisho: kreni mbili, kila moja juu ya tishari, majini.

Kreni nchi kavu inasimama juu ya miguu yake, na chini ya miguu kuna mbao na udongo mgumu. Juu ya tishari inasimama juu ya kitu kinachoelea. Ukizungusha mkono wenye mzigo, tishari linainama kidogo upande ule. Likiinama, ncha ya mkono inaenda nje zaidi. Ikienda nje zaidi, mzigo unavuta zaidi, tishari linainama zaidi. Unaona vile hiyo kitu inajilisha yenyewe? Ukiwa na tishari pana na nafasi ya kutosha kwenye hesabu, linainama na kutulia. Ukiwa huna, kuna pembe fulani ambapo hakuna dereva duniani anaweza kurudisha. Bodi ya Usalama ya Uholanzi ilichunguza na kukuta uthabiti wa yale matishari na kreni zake haukuwa umetosha tangu mwanzo. Ilikuwa kwa karatasi. Ile kreni ilianguka kabla haijafika Alphen.

Lakini kitu kilichonishtua kwa hiyo kesi ni zile nyumba. Watu walikuwa ndani wakiendelea na maisha yao. Hakuna aliyewaambia watoke. Kwa bahati kubwa hakuna mtu aliyekufa, alikufa mbwa. Mwaka wa 1586 Fontana alizungusha uzio na kumweka mnyongaji langoni, ukatili mtupu, lakini alau alikuwa amejiuliza: hii kitu ikianguka, itaangukia nani? Miaka 429 baadaye, mahali penye sheria kibao, mzigo unapita karibu na vyumba vya kulala vya watu na hilo swali halina mwenyewe. Kila kampuni ilikuwa na kipande chake cha kazi. Nyumba hazikuwa kipande cha mtu yeyote.

Kesi ya mwisho haina video, na ndiyo mbaya zaidi.

Arkansas, Marekani, kituo cha nyuklia kinachoitwa Arkansas Nuclear One. Machi 31, 2013, asubuhi ya Pasaka. Mtambo namba moja ulikuwa umezimwa ili ujazwe mafuta mapya, na wakati huo huo walikuwa wanabadilisha stata ya jenereta. Stata ni ile sehemu ya nje ya jenereta isiyozunguka, chuma na shaba tupu, na hii ilikuwa na tani kama 525. Hiyo ni obeliski ya Fontana na nusu yake juu, ndani ya jumba.

Kreni ya kudumu ya lile jumba haikuwa na uwezo wa kubeba kitu kama hicho. Kreni ya nje haiwezi kuingia. Kwa hivyo mkandarasi alijenga mtambo wa muda ndani ya jumba: nguzo za chuma, boriti juu yake, stata inainuliwa, inasogezwa mpaka pale kuna uwazi kwenye sakafu, halafu inateremshwa mpaka chini ambako reli inaingia. Ni wazo lile lile la mnara wa mbao wa Roma, tena ni wazo zuri. Linatumika duniani kote.

Na kuna kanuni moja kuhusu mitambo ya namna hii ambayo mtu yeyote wa mjengo anaweza kuielewa: kabla ya kuinua mzigo wenyewe, jaribu na mzigo mzito zaidi, asilimia 125. Kwa tani 525 hiyo ni zaidi ya tani 650. Unainua kidogo tu, unaangalia nguzo, unashusha. Kama itaanguka, ianguke hapo, wakati hakuna mtu karibu.

Jaribio halikufanywa. Wachunguzi wa tume ya nyuklia ya Marekani walikuta kwamba wenye kituo walikubali kazi iendelee bila jaribio baada ya kuambiwa na mkandarasi kwamba mtambo huo ulishatumika kwingine kuinua vitu vizito kuliko hiki.

Tumeinua kubwa kuliko hii.

Hayo maneno hayakuwa sahihi, na hesabu za nguvu za zile nguzo zilikuwa na kasoro ambayo hakuna aliyeikagua vizuri. Stata ilikuwa imeshainuliwa na inasogezwa wakati nguzo zilishindwa. Ikaanguka kwenye sakafu, ikaendelea mpaka chini, zaidi ya mita tisa. Mfanyakazi mmoja alikufa, kijana, umri wake ni wa watu wanaosoma hii. Wanane waliumia. Bomba la maji ya kuzimia moto likapasuka, umeme wa nje wa mtambo namba moja ukakatika, jenereta za dharura zikawaka, na mtambo namba mbili, uliokuwa unafanya kazi kwa nguvu zote hapo kando, ukajizima wenyewe. Maji yakafika kwenye swichi za umeme, kukatokea mlipuko. Mionzi haikutoka. Mtambo namba moja ulikaa kimya mpaka Agosti.

Nimesoma kuhusu hiyo kesi mara nyingi na kila mara narudi kwa lile jaribio. Sidhani kuna mtu alikaa mahali akasema wacha tuue mtu. Kituo kikizimwa, kila siku ni pesa nyingi sana zinapotea, na jaribio la tani 650 linataka kutafuta tani 650 za kitu, kuzileta, kuzifunga, kuzishusha, kuziondoa. Ni siku nzima, pengine zaidi. Halafu anakuja mtu mwenye kampuni kubwa na jina, anakwambia hii tulishaifanya. Nani atainua mkono kwa hicho kikao aseme, nionyeshe karatasi? Wewe ungeinua? Ukiwa wa mwisho kuajiriwa?

Kuna watu watasema suluhisho ni teknolojia, na ukweli ni kwamba imesaidia. Kreni za leo zina kompyuta inayopiga kelele ukikaribia mwisho wa uwezo. Kuna programu inayochora jumba lote, inaonyesha kama mkia wa kreni utagonga nguzo ukigeuka. Fontana angelia kwa furaha. Lakini kompyuta inajua kile umeiambia. Ukiiambia udongo ni mgumu, itaamini. Ukiiambia mashine ni tani 10 kwa sababu ndivyo kibao kilichobandikwa kiwandani kinasema, na kumbe ina mafuta ndani na mtu aliongeza fremu ya chuma miaka ya tisini, itaamini pia.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007. Inataka kreni, minyororo na kamba za kuinulia zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, na rekodi ziwekwe. Pia inasema mfanyakazi akiona hatari kubwa aripoti kwa msimamizi wake, na mwajiri asimrudishe pale mpaka hatari iondolewe. Ni sheria nzuri. Mtu wa kibarua analipwa jioni, na kesho asubuhi anasimama kwa geti na wengine arobaini wakingoja kuchaguliwa. Jiulize mara ngapi ataripoti. Ni uzio wa Fontana tena, tofauti ni kwamba mnyongaji amebadilishwa na yule msee wa kuita majina getini.

Ila kwa kazi ya kreni kuna kanuni moja ya zamani, inajulikana mahali pengi duniani, na naipenda kuliko sheria zote. Dereva wa kreni anafuata ishara za mtu mmoja tu, aliyeteuliwa. Inua, shusha, geuza kushoto, huyo mmoja peke yake. Wengine wakipunga mikono, awapuuze. Isipokuwa ishara moja, ambayo lazima aitii hata ikitoka kwa nani: mpishi wa chai, mlinzi, mtoto wa shule anayepita.

Unanyoosha mikono yote miwili pembeni, viganja vikiangalia chini, unaipeleka mbele na nyuma. Hiyo ndiyo simama ya dharura. Huhitaji cheo, huhitaji kofia, na huhitaji kujua hesabu ya nyuzi 30.

Yule kijana wa godauni, kama utasoma hii: boriti ile haikuwa na maandishi yoyote ya uzito. Nami niliangalia.